Kabla kiangazi hakijafika: mambo ya kuzingatia ili choo cha umma kisinuke hata maji yakiwa machache

Kiangazi cha Disemba mpaka Februari hapa Uganda kinakuja na kila mwaka ni yale yale kwenye vyoo vya sokoni, stejini kwa magari, kanisani na msikitini: bomba linaanza kutoa hewa, jerikeni ya lita 20 inapanda bei, halafu msafishaji anaambiwa "punguza maji". Anaambiwa hivyo tu, hakuna anayemwonyesha apunguze wapi. Kwa hiyo kama wewe uko kwenye kamati, au umepata tenda ya choo cha kulipia, au ndo wewe mwenyewe unashika brashi, pangeni haya sasa hivi maji yakiwa bado yapo.

Anza na hesabu, usikisie. Choo cha kuvuta chenye tangi la lita 9 kikitumiwa na watu 300 kwa siku kinakula lita 2,700, hizo ni jerikeni 135. Choo cha kumwagia kwa kopo, lita 2 zinatosha, watu hao hao 300 wanatumia lita 600, jerikeni 30. Tofauti ni jerikeni 105 kila siku ya Mungu, na kila moja kuna mtu ameilipia na kuna mtu ameibeba. Kama tangi lipo na hamna pesa ya kubadilisha, chukua chupa ya lita moja ijaze maji, ifunge, iweke ndani ya tangi mbali na yale madude yanayopanda na kushuka, basi kila mtu akivuta unabakisha lita moja. Tofali usiweke, linamomonyoka na vile vipande vinaingia kwenye valvu, tangi linaanza kuvuja mchana na usiku, sasa umeokoa nini. Na kama ndo mnajenga upya, nunueni zile sahani za kuchuchumaa zenye kifuniko chini kinachofunguka kwa uzito halafu kinajirudisha chenyewe, kama zile za SATO, hazifikishi hata lita moja kusukuma haja na inzi hawapati njia ya kupanda.

Mabati yawe na mfereji na tangi. Mvua ya milimita 20 kwenye paa la mita za mraba 30 ni lita 600, toa kidogo zinazopotea. Huku kwetu mvua za mwisho zinanyesha Novemba, ukingoja mpaka Januari utakusanya vumbi.

Maji ya kunawa mikono yasiende bure. Weka ndoo chini ya bomba la kunawia, hayo maji ya sabuni ndo ya kumwagia kwenye choo cha maji. Kwenye choo cha shimo ambako hakuna bomba fungeni tipitapu, ile jerikeni ndogo ya kukanyaga kamba, maji yanatoka kidogo kidogo na mtu hashiki kitu kwa mkono. Sabuni ifungwe kwa kamba, la sivyo itaondoka na mteja wa kwanza.

Sasa kwa wenye choo cha shimo, sikilizeni, hapa watu wanaharibu sana. Shimo halioshwi. Ukimwaga maji ya kudekia humo unalijaza haraka na unalifanya linuke zaidi, kwa sababu uchafu uliolowa na kukosa hewa ndo unaotoa ile harufu nzito. Jiki na dawa za kuua wadudu pia usimwage shimoni, wale bakteria wa humo ndo wanakusaidia kuozesha na kupunguza ujazo, ukiwaua umejiongezea gharama ya gari la kunyonya. Weka majivu, kopo moja baada ya kila haja kubwa kama watu watakubali, wakikataa basi msafishaji aweke asubuhi na jioni. Halafu angalia bomba la hewa. Liwe pana, inchi 6 hivi, lipite juu ya paa nusu mita, lipigwe na jua, upepo ukipita juu yake unavuta hewa chafu kutoka shimoni na hewa safi inaingia kupitia mlangoni. Juu kabisa lazima kuwe na wavu, na ndani ya choo kuwe na kigiza, maana inzi aliye shimoni anafuata mwanga, ataenda juu ya bomba, atakwama kwenye wavu na kufia hapo. Nimeona vyoo vingi vina bomba zuri kabisa lakini wavu umetoboka tangu zamani, panda uangalie, usiridhike kwa kuliona toka chini.

Watu wa Kisoro na Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, wanajua habari nyingine, kule ardhi ni mawe na kuchimba ni kazi, wengi walijengewa vile vyoo vya juu vinavyotenganisha mkojo na kinyesi, havihitaji maji kabisa, vinahitaji majivu na nidhamu. Sehemu kama Bwaise, mtaa wa Kampala, ambako maji ya chini yako karibu, choo cha kuinuliwa ndo salama pia, shimo la kuchimba mvua ikija linafurika mpaka barabarani.

Haya, tuje kwenye harufu yenyewe. Sehemu kubwa ni mkojo. Mkojo ukitoka mwilini haunuki sana, unaanza kunuka bakteria wakishaivunja ile urea kuwa amonia, na bakteria hao wanakaa kwenye saruji tupu, kwenye nyufa, kwenye ile gamba ya njano inayoganda pembeni ya mfereji. Kwa hiyo mwaga jerikeni kumi kama unataka, kama ukuta wa kukojolea ni saruji tupu iliyonyonya mkojo miaka mitatu, baada ya saa mbili harufu imerudi. Tibu ukuta kwanza. Kwangua, piga niru laini ya saruji au bandika vigae, sakafu iteremke sentimita 2 kila mita kuelekea tundu, mkojo usipate pa kusimama hata kidogo. Ukishafanya hivyo huhitaji kumwaga maji mchana kutwa. Tundu la kutolea liwekee valvu ya mpira inayopitisha chini tu, mafundi wengine wanatumia puto lililokatwa ncha, mkojo unalifungua na ukiisha linajibana lenyewe. Gamba ya njano inatoka kwa siki, mimina kidogo usiku choo kikifungwa, asubuhi sugua, suuza na maji kidogo.

Hapa kwenye siki na dawa ndo nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu nimeona mtu akiumia.

Kuna soko moja huku mashariki upande wa mpakani, bomba lilikauka zaidi ya wiki. Ukuta wa kukojolea ulikuwa unasuuzwa jerikeni mbili asubuhi na mbili jioni, kamati ikakaa ikasema ni nyingi, kuanzia kesho nusu jerikeni, pesa inayobaki inunue dawa. Ikaletwa asidi ya kutoa gamba, imepimwa kwenye chupa ya soda, haina hata karatasi ya maelezo. Asubuhi yule mama msafishaji akaisugulia, akasuuza na hiyo nusu jerikeni yake, bila shaka asidi ilibaki kwenye nyufa. Saa nane jua likiwa kali harufu ya mkojo ikarudi, wateja wakaanza kulalamika, mwenyekiti akatuma kijana dukani alete jiki, akamwambia mama, "Mama, leo usichanganye na maji, mimina hivyo hivyo iue wadudu wote." Mama akamwagia. Alikuwa amefunga mlango ili watu wasimwingilie akiwa anafanya kazi. Tulisikia kikohozi kwanza. Sio kile cha mafua, ni kikohozi kinachokata pumzi, halafu mlango ukafunguka akatoka ameshika ukuta, macho amefumba, machozi na kamasi vinatiririka, anataka kusema neno halimaliziki. Watu wakaanza kupiga kelele, "Mpeni maziwa! Mpeni maziwa!" Aliyefikiria macho ni mama wa chai jirani, akasema amnawishe, na hapo ndo ikaonekana hakuna maji, jerikeni zote za choo zilikuwa tupu kwa sababu ya kubana. Yule mama wa chai akamwaga maji yake ya kupikia aliyoyanunua kwa pesa yake, akamshika kichwa na kumnawisha polepole mpaka boda ikaja ikampeleka kituo cha afya. Alipona lakini kifua kilimsumbua muda mrefu sana, na kazi ile hakurudi tena, na mimi sioni kwa nini angerudi.

Kilichotokea ni hiki. Jiki ikikutana na asidi inatoa gesi ya klorini, ikikutana na mkojo uliooza ambao una amonia inatoa gesi nyingine inayochoma hivyo hivyo. Pale vilikuwepo vyote viwili, ndani ya chumba kimefungwa. Kwa hiyo: asidi, siki, dawa ya kutoa gamba na jiki visikutane siku moja sehemu moja. Jiki haimwagwi juu ya mkojo, kwanza osha kwa sabuni, suuza, ndo upake jiki iliyochanganywa. Kama kwenye lebo imeandikwa asilimia 3.5, changanya sehemu 1 ya jiki na 6 za maji, pakaza, acha dakika 10, tengeneza mpya kila siku maana ya jana imeshapungua nguvu. Mlango wazi, madirisha wazi. Dawa isiyo na lebo isiingie chooni hata kama ni bei ya bure. Na jerikeni moja ya maji safi ikae pembeni haiguswi, ni ya macho na ya dharura, hiyo msiihesabu kwenye kubana matumizi kabisa. Mtu akivuta hiyo gesi mtoe nje kwenye hewa, nawisha macho kwa maji yanayotiririka dakika 15, mpeleke hospitali, maziwa hayasaidii kitu.

Kubana maji sio kuweka dawa mahali pa maji. Pa kubana papo, kwenye sakafu kwa mfano. Fagia kavu kwanza, halafu tumia ndoo mbili, moja ya sabuni moja ya kusuuzia kitambaa, malizia na ule mpira wa kusukuma maji mpaka sakafu ikauke. Ndoo mbili zikitumika vizuri zinamaliza vyumba vinne, wakati mpira wa bomba unamaliza jerikeni nyingi na kuacha madimbwi. Vitambaa vya sakafu na vya vitasa visichanganywe, nunua rangi mbili.

Kitu kingine watu hawakijui: mkifunga baadhi ya vyumba ili kuokoa maji, yale maji yanayokaa kwenye koo la choo na kwenye tundu la sakafu yanakauka, harufu ya mtaro inapanda moja kwa moja, mnabaki mnatafuta mnashangaa inatoka wapi. Kila chumba kilichofungwa mwagia kopo la maji kwenye koo, juu yake kijiko cha mafuta ya kupikia, mafuta yanaelea na kuzuia maji yasikauke.

Pipa lenye kifuniko kwenye kila chumba cha akina mama, bila pipa pedi zinaenda shimoni au zinaziba bomba. Wanaotumia maji kuchamba wapewe kopo na maji yao, usiwanyime kwa jina la kubana, wanaotumia karatasi wapewe karatasi laini sio gazeti, gazeti na magunzi vinaziba choo cha kumwagia na kuzibua kunakula maji kuliko wiki nzima ya matumizi. Hakikisha gari la kunyonya linaweza kufika, na dereva ana pa kumwaga panaporuhusiwa, Kampala kuna mtambo wa kusafisha majitaka wa Lubigi, sio kwenye mtaro usiku.

Msafishaji apewe glavu, buti na barakoa, na alipwe kwa wakati. Taa iwepo jioni. Mlango ufungike kwa ndani. Watoto wasitumwe kusafisha. Bei ya choo iandikwe mlangoni, na pesa ya maji ya kiangazi mwanze kuitenga mwezi huu kwenye makusanyo ya kila siku, ikae kwa mtu mwingine ambaye sio anayeshika pesa za mlangoni.