Kuhesabu na kuandika pointi katika mchezo wa matufe kwenye nyasi: mwongozo kwa anayeanza

Anayejifunza kuhesabu pointi katika mchezo wa kuvingirisha matufe kwenye nyasi kwa kawaida huanza kwa kuyatazama matufe ya upande wake yaliyo karibu na jeki, yaani ule mpira mdogo mweupe au wa njano unaolengwa na wachezaji wote, na hapo ndipo hesabu inapoharibika. Raundi inapokwisha, yaani wachezaji wote wakishatupa matufe yao, tufe la kutafutwa kwanza ni la upande ulioshindwa, ule usio na tufe lililo karibu zaidi na jeki: lile moja lililoikaribia jeki kuliko mengine yote ya upande huo. Tufe hilo ndilo linaloweka mpaka. Kila tufe la upande wa pili lililo karibu na jeki kuliko mpaka huo lina thamani ya pointi moja, na lililo mbali zaidi ya hapo halihesabiwi kabisa.

Tuchukue mfano wa upande wa buluu na upande mwekundu. Buluu wana matufe matatu yaliyo umbali wa sentimita 20, 30 na 40 kutoka kwenye jeki, na tufe bora la wekundu liko sentimita 35. Buluu wanaandikiwa pointi mbili, kwa sababu lile la sentimita 40 limezuiwa na tufe moja tu la wekundu, wala haijalishi kwamba matufe mengine ya wekundu yamebaki umbali wa mita nzima. Sasa chukulia kwamba mchezaji wa mwisho wa wekundu anatupa tufe linalosimama sentimita 15 kutoka kwenye jeki. Hesabu yote inageuka: wekundu wanapata pointi moja, na buluu, ambao walikuwa na mbili mkononi, hawapati chochote. Katika raundi moja ni upande mmoja tu unaopata pointi, ndiyo maana hakuna haja ya kuandika lolote kabla ya tufe la mwisho kutulia.

Idadi ya matufe hukupa njia rahisi ya kujikagua. Wachezaji wawili wanaposhindana kila mmoja kwa matufe manne, raundi haiwezi kuzaa zaidi ya pointi 4. Timu za watu wawili zenye matufe manne kwa kila mchezaji zinaweza kufika 8. Timu za watatu wenye matufe matatu kila mmoja, 9. Na timu za wanne wenye mawili kila mmoja, 8. Ukipata jumla inayozidi hapo, umehesabu tufe lisilostahili.

Kabla ya kuhesabu, ni lazima ujue matufe yapi bado yamo mchezoni. Tufe lililoingia mtaroni, yaani kwenye mfereji ulio pembezoni mwa uwanja, bila kuigusa jeki limekufa, na huondolewa. Lakini tufe lililoigusa jeki wakati likitembea kwenye nyasi baada ya kutupwa huwekewa alama ya chaki, na hilo hubaki hai hata likitumbukia mtaroni, mradi liko ndani ya mipaka ya njia inayochezewa, yaani sehemu ya uwanja iliyotengewa mchezo huo. Jeki nayo ikisukumwa hadi mtaroni ndani ya mipaka hiyo inabaki hai, na umbali wa matufe unapimwa kutoka pale ilipo. Wanaoanza husahau jambo hili mara nyingi kuliko lingine lolote: huona tufe limelala mtaroni, wakalipuuza, kumbe lina chaki na ndilo lililo karibu zaidi na jeki. Basi uanzishe mazoea ya kuutazama mtaro kwanza.

Mara nyingi macho yanatosha, na upande ulioshindwa hukubali idadi ya pointi bila mjadala. Penye shaka hutumika kamba ya kupimia. Umbali unaotakiwa ni ule mfupi kabisa kati ya jeki na tufe, yaani kutoka ubavu wa jeki unaolielekea tufe hadi ubavu wa tufe unaoielekea jeki. Shika kamba bila kuyasogeza matufe wala jeki. Matufe ambayo pande zote zimekubaliana kuwa ni pointi huondolewa moja baada ya jingine na kuwekwa pamoja pembeni, ili yaliyobaki uwanjani yawe yale tu yenye ubishi. Ikiwa tufe limeegemea jingine na linaweza kuanguka, huzuiwa kwa kabari kabla ya kupima. Kulisogeza tufe kabla ya makubaliano ni njia ya haraka ya kuanzisha ugomvi.

Kadi ya matokeo ina safu ya namba za raundi, na kila upande una safu mbili: moja ya pointi za raundi husika na nyingine ya jumla tangu mchezo uanze. Buluu wakipata 2 katika raundi ya kwanza, jumla inasomeka 2 kwa 0. Wekundu wakipata 3 katika raundi ya pili, kwao unaandika 3 na jumla 3, na kwa buluu unaandika 0 kisha unairudia jumla yao ya 2. Usiache nafasi ya jumla wazi kwa kuwa upande huo haukupata kitu. Pengo la namna hiyo ndilo linalomfanya mtu, raundi nne baadaye, ajumlishe kutoka mstari usio wake. Wekundu wakiongeza 1 katika raundi ya tatu, kadi inaonyesha 2 kwa 4.

Kuna matukio mawili yanayofanana kwa macho lakini huandikwa tofauti. Matufe bora ya pande zote mbili yakiwa na umbali sawa kutoka kwenye jeki, raundi ni sare: hakuna anayepata pointi, ila raundi imechezwa, hivyo unaandika 0 kwa 0 na kusonga mstari mmoja. Jeki ikitoka nje ya mipaka ya njia, raundi inaweza kutangazwa kuwa imekufa, ikachezwa upya, na kwenye kadi haiandikwi chochote. Baadhi ya mashindano huirudisha jeki kwenye alama maalumu badala ya kurudia raundi, kwa hiyo uliza kanuni hiyo kabla ya mchezo kuanza.

Uliza pia mchezo unaisha lini. Mchezo wa mmoja kwa mmoja mara nyingi huchezwa hadi mchezaji afikishe pointi 21, ilhali michezo ya timu huhesabiwa kwa raundi, kwa mfano 18 au 21. Mingine huchezwa kwa seti. Katika timu ya watu wanne, kazi ya kadi kwa desturi ni ya mchezaji wa pili. Katika mchezo wa mmoja kwa mmoja huwepo mtu asiyecheza anayeshika kadi na kupima.

Kila raundi inapokwisha, itaje jumla kwa sauti kwa mwenzako wa upande wa pili anayeshika kadi yao, kisha mtazame pamoja ubao wa matokeo. Tofauti ikionekana, irekebisheni hapo hapo, kabla ya mshindi wa raundi kuweka mkeka wa kusimamia mtupaji na kuitupa jeki ya raundi inayofuata. Mchezo ukimalizika, kadi zote mbili zijumlishwe upya kutoka safu ya pointi za raundi, zilinganishwe, kisha manahodha wa pande zote mbili watie saini.