Jinsi ya kutunga mpira wa shanga 30 kwa ajili ya hereni

Mpira huu unatungwa kwa hesabu. Ukishika hesabu utautunga huku unapiga soga, ukiipoteza, utafumua.

Andaa shanga namba 6 (kama milimita 4 kila moja), mshipi wa kuvulia wa milimita 0.25 urefu wa mita moja, mkasi na kulabu za hereni. Mshipi nautafuta kwenye maduka ya zana za uvuvi hapa Bagamoyo. Ni mgumu kiasi, kwa hiyo huhitaji sindano. Shanga nyingi tunafuata Kariakoo, na zile za bei rahisi hazilingani hata kidogo. Zimwage kwenye sahani, utoe nyembamba, zilizovimba na zilizoziba tundu. Usiruke hapa, shoga yangu: ushanga mmoja mwembamba unatosha kuupinda mpira mzima.

Rangi ni juu yako na mnunuzi wako. Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone alibeba shanga za aina nyingi, maana rangi inayopendwa na watu wa huku wenzao wa kule waliikataa. Biashara bado iko hivyo. Kwa mpira wa kwanza, hata hivyo, duara la kuanzia litunge kwa rangi ya peke yake ili usipotee.

1. Tunga shanga 5 katikati ya mshipi. Ncha ya pili ipitishe kwenye ushanga wa tano kutoka upande wa pili, zikatane humo. Vuta.

2. Ncha moja ibebe shanga 4 mpya, nyingine ikatane nayo kwenye ushanga wa mwisho. Vuta.

3 hadi 5. Sasa ncha zina kazi mbili. Iliyo karibu na duara la kwanza inapita kwenye ushanga wa jirani wa duara hilo. Ya nje inabeba 3 mpya, halafu zinakatana kwenye ule wa mwisho. Rudia mara tatu. Kila zikikatana zinabadilishana kazi, na hapo ndipo wanafunzi wengi wanapochanganyikiwa: usifuate kushoto na kulia, tazama ipi iko karibu na duara.

6. Ncha inayopita ipite kwenye ushanga wa mwisho wa duara la kwanza, iendelee kwenye ushanga wa jirani wa duara la pili. Nyingine ibebe 2. Katanisha, vuta sana. Una shanga 20 na kazi imekuwa bakuli. Inajikunja yenyewe kwa sababu kila duara lina shanga tano. Zingekuwa sita ingelala bapa kama mkeka.

7. Pita kwenye ushanga mmoja wa ukingo, beba 3, katanisha.

8 na 9. Pita kwenye shanga mbili za ukingo, beba 2. Rudia.

Kabla ya kuendelea tumbukiza ndani ushanga wa mviringo wa milimita 6. Si lazima, ila mpira usio na kitu ndani hubonyea ukikaa kwenye pochi.

10. Kama 8.

11. Pita kwenye mbili za ukingo, kisha kwenye ushanga wa duara la hatua ya 7 uliobaki wazi. Beba 1 tu, katanisha.

12. Hubebi kitu. Zungusha ncha moja kwenye shanga tano zilizobaki mdomoni, ukaze, ufunge fundo mara mbili.

Kitanzi cha kulabu kitengeneze kwa ncha hizohizo: shanga 5 ndogo za namba 11, kisha rudi ndani ya mpira, upite kwenye shanga nne au tano ndipo ukate. Usichome ncha kwa kiberiti. Mshipi unayeyuka na fundo linaachia. Kulabu chukua za chuma cha pua, kwani kwa chumvi ya pwani zile za kawaida hushika kutu haraka na kuchafua shanga.

Ukimaliza, mpira una upana wa kama sentimita moja na nusu. Wa pili uutunge kwa shanga za sahani ileile, la sivyo hereni zitapishana ukubwa.