Kueleza mahindi ya GMO barazani bila kugeuka mwanasiasa

Somo hili ni la watafiti na maofisa wa kilimo wanaotumwa vijijini, Nyanza na Magharibi mwa Kenya, kueleza mahindi ya GMO, yaani yaliyobadilishwa jeni.

1. Sikiliza kwanza. Kwenye baraza la chifu, waulize watu wamesikia nini. Utapata maswali mawili yaliyoshikana: "Yatatudhuru?" na "Mbegu ni ya nani?" La kwanza ni la maabara. La pili ni la sheria, bei na siasa, na hapo shahada yako haikupi kura zaidi ya mama anayeuza omena. Wataalamu wengi huharibu hapa: mkulima anauliza kuhusu mbegu, wao wanamjibu kwa habari za panya wa maabara.

2. Eleza kazi ya mahindi haya tu. Mahindi ya Bt, aina ya GMO inayozungumzwa hapa, yamewekewa jeni ya bakteria wa udongo, Bacillus thuringiensis. Kiwavi atoboaye bua akiyala, protini ya jeni hiyo humharibu utumbo, anakufa. Usiahidi mwisho wa njaa. Bt haiui gugu la kayongo (striga) wala haileti mvua.

3. Simulia historia yote. Novemba 2012 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uagizaji wa vyakula vya GMO, baada ya utafiti wa Ufaransa kudai panya waliolishwa mahindi ya GMO walipata uvimbe. Mwaka 2013 jarida lililouchapisha utafiti huo liliufuta: panya walikuwa wachache mno kuthibitisha jambo. Oktoba 2022 baraza la mawaziri likaondoa marufuku, na kesi zikafika mahakamani. Ukiruka kipande kimoja, kijana mwenye simu atakisoma mbele ya watu wote.

4. Taja anayekulipa, kabla hujaulizwa.

MASWALI

Bungoma: Mheshimiwa akishika maikrofoni baada yangu aseme "mmesikia, sayansi iko na sisi"?

Jibu: Zungumza na chifu mapema, uwe msemaji wa mwisho. Ikishindikana, inuka kwa heshima: "Mheshimiwa, mimi nimeeleza usalama. Kuyapanda au kutoyapanda ni uamuzi wa wananchi."

Maseno: Nikiulizwa msimamo wangu binafsi?

Jibu: Useme, ila uanze na "hii sasa ni kura yangu, si matokeo ya maabara." Ukikwepa watadhani umenunuliwa.

Nakuru: Je, mkulima ataweza kurudia mbegu msimu ujao?

Jibu: Mkumbushe kwamba hata mbegu chotara anazonunua sasa hupungua mavuno akizirudia. Kuhusu haki za mwenye jeni, njoo na mwanasheria. Usibuni.