Kulinda kazi zako katika Linux: Timeshift peke yake haitoshi

Anayetumia kompyuta ya mezani katika Mji wa Kale wa Lamu, ambako umeme hukatika bila taarifa na upepo wa bahari hupenyeza chumvi hadi ndani ya mashine, anapaswa kuwa na nakala rudufu ya kazi zake. Watumiaji wengi wa Linux Mint, mojawapo ya matoleo ya mfumo endeshi wa Linux, hudhani wamekwisha kujikinga kwa kuwa wamewasha Timeshift. Sivyo. Programu hiyo imekusudiwa kuurudisha mfumo katika hali ya awali, tuseme baada ya sasisho lililoleta hitilafu, na usipoielekeza vinginevyo huyaacha nje mafaili ya folda ya nyumbani: barua, hesabu za duka, picha za hati za mababu.

Kwa mafaili hayo tumia rsync, programu ya kunakili inayoendeshwa kwa amri, ambayo baada ya mara ya kwanza hunakili yaliyobadilika tu. Chomeka diski ya nje yenye mfumo wa ext4 (namna ya Linux ya kupanga mafaili kwenye diski), kwa sababu FAT32, mpangilio wa zamani, haipokei faili la GB 4 wala haihifadhi ruhusa za mafaili. Diski ikiitwa akiba, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) uandike:

rsync -avn --delete ~/Documents/ /media/$USER/akiba/Documents/

Herufi n huifanya amri ionyeshe itakalofanya bila kugusa chochote. Soma orodha kwa utulivu, hasa mistari inayoanza na neno deleting, kwani --delete hufuta katika diski kila kisichokuwapo tena kwenye kompyuta. Ukiridhika, rudia amri bila n. Usisahau alama ya mkwaju (/) inayofuata Documents ya kwanza. Ukikosekana, utapata folda ya Documents ndani ya Documents, kosa ambalo mimi mwenyewe nimelifanya zaidi ya mara moja.

Usiichomoe diski kabla ya kuiondoa kwanza katika kidhibiti cha mafaili, maana Linux huweka data kwenye kumbukumbu kwa muda kabla ya kuiandika.

Umeme ukikatika, ext4 huulinda mpangilio wa diski, lakini haiokoi maandishi ambayo hujayahifadhi. Hivyo katika mipangilio ya LibreOffice, programu ya kuandikia hati na hesabu, weka uhifadhi wa dharura uwe kila baada ya dakika 5.

Diski yenyewe isikae meza moja na kompyuta. Itie katika chombo kinachofungwa barabara, au umwekeshe ndugu aliyeko Malindi, na kila unapoishika ufungue faili moja au mawili uone kama yanasomeka.