Namna ya Kuwatazama Bakteria Wanaokimbia Giza

Husemwa mara nyingi kwamba bakteria wa zambarau, yaani wale wenye rangi hiyo wanaopata nishati kutokana na mwanga, huufuata mwanga huo. Usemi huo hauko sahihi: hawaufuati mwanga, bali hushtuka wanapoingia gizani na kurudi walikotoka, na jambo hilo unaweza kulishuhudia kwa tope la jaruba, chupa ya maji na hadubini ya kawaida ya shule.

Anza na tope. Kwa aliye Mbeya, majaruba ya mpunga ya Mbarali au Kyela yanafaa kuliko udongo mwekundu wa milimani, kwa kuwa tope lililolala chini ya maji kwa muda mrefu huishiwa oksijeni, nao bakteria hawa hawaitaki gesi hiyo. Aliye Iringa na achote kwenye ukingo uliotulia wa Mto Ruaha Mdogo. Tope jeusi linalonuka yai viza ndilo bora. Lichanganye na vipande vidogo vya gazeti pamoja na kiini cha yai moja, ambacho huleta salfa, kisha ulijaze hadi robo tatu ya chupa ya plastiki inayopitisha mwanga, uongeze maji ya jaruba lile lile, na ufunge kifuniko bila kukikaza ili gesi ipate pa kutokea. Iweke karibu na dirisha, pasipopigwa jua kali.

Madoa ya zambarau au ya waridi hujitokeza kwenye ukuta wa chupa baada ya wiki kadhaa. Mwaka mmoja nilianza mwezi Juni, nikasahau kwamba kipupwe cha Mbeya si cha mchezo, na chupa ikakaa kama nilivyoiacha hadi Septemba. Tangu hapo huanza mwezi Februari, majaruba yakiwa bado na maji.

Doa likikolea, nyonya tone moja kutoka hapo kwa mrija mwembamba, liweke juu ya slaidi, lifunike kwa kioo chembamba na uzibe kingo kwa mafuta ya mgando ili hewa isiingie. Tazama kwa ukuzaji wa mara 400. Wanene wenye punje zinazong'aa ndani ni wale wanaohifadhi salfa mwilini. Waliojisokota kama skrubu ni jamaa zao. Viumbe vya kijani vyenye mjeledi unaopigapiga maji si bakteria, hivyo viache.

Sasa pitisha kidole haraka kati ya taa na slaidi. Bakteria waliokuwa wakiogelea kila mmoja kwa njia yake hugeuza mwendo karibu kwa mpigo mmoja, kisha huendelea. Mwanafiziolojia Mjerumani Theodor Wilhelm Engelmann alieleza tabia hii mwaka 1883 na kuiita mwendo wa kushtuka.

Kinachowageuza ni flajela, uzi wenye unene wa takriban nanomita 20, ambao kwa hadubini hiyo usitarajie kuuona. Haupigi maji kama mkia wa samaki, bali huzunguka kama rafadha ya boti, ukiendeshwa na mota iliyo kwenye utando wa seli na inayopata nguvu kutokana na protoni, yaani chembe ndogo mno zenye chaji chanya, zinazoingia ndani. Mwaka 1974 watafiti wa Marekani Michael Silverman na Melvin Simon waliinasa flajela kwenye kioo, na mwili wa bakteria ndio ukazunguka. Kwa bakteria wengi wa zambarau, mwanga unapopungua ghafla mota hugeuza upande wa kuzunguka, na mwogeleaji hurudi kinyumenyume. Hana haja ya kujua taa iko wapi. Kinachompa habari ni kwamba sasa pana mwanga hafifu kuliko muda mfupi uliopita.

Ndiyo maana jaribio la pili huwashangaza wanafunzi zaidi. Funika sehemu kubwa ya mwanga kwa karatasi nyeusi ya kadibodi yenye tundu dogo la sindano, ukiiweka chini ya slaidi, na usubiri dakika 10 hadi 20. Wanaoingia kwenye duara la mwanga hawabadili mwendo, lakini kila anayefika ukingoni hugeuka, na duara hujaa.

Wasipojikusanya, kagua taa kabla ya kulaumu tope. Balbu ya zamani yenye waya wa kuwaka hutoa pia miali ya infraredi, isiyoonekana kwa macho, ambayo rangi ya bakteria hawa huinyonya sana, ilhali taa nyeupe za LED hutoa kidogo mno. Kama unayo LED pekee, sogeza taa karibu na uongeze ukali wake.