Stoo ya kituo cha afya wakati wa Marburg: pima akiba kwa siku

Natunza stoo ya dawa na vifaa tiba mkoani Kagera, mkoa uliopigwa mara mbili na Marburg, ugonjwa wa virusi unaoambukiza kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa. Machi 2023 ilikuwa Bukoba: watu 9 waliugua, 6 wakafariki, na wahudumu wa afya walikuwamo miongoni mwa wagonjwa. Januari 2025 ikawa Biharamulo, na wote 10 waliohesabiwa kuwa wagonjwa walifariki. Ugonjwa huu hauna chanjo wala dawa iliyoidhinishwa. Muuguzi akiingia kwenye wodi ya kutenga wagonjwa, kinga yake ni ile iliyotoka stoo. Kwa hiyo nawaandikia watunza stoo wenzangu na waganga wafawidhi, yaani wakuu wa vituo.

Kwanza, acheni kuripoti kwa maboksi. Ukiulizwa kama glavu zipo na ukajibu "zipo boksi kumi", aliyeuliza hajapata jibu. Zigeuze ziwe siku. Anayemhudumia mgonjwa wa Marburg huvaa jozi mbili, yaani glavu 4 kila anapoingia. Haingii peke yake, wanaingia wawili. Tuseme zamu ni tatu na kila zamu wanaingia mara tatu: ni mara 18 za mtu kuvaa kwa siku, glavu 72. Boksi la glavu 100 halimalizi siku mbili. Boksi kumi zinakupa siku 13 na ushee.

Sasa geukia gauni. Zinatoka 18 kwa siku na stooni zipo 50: siku ya tatu haiishi. Basi kituo hicho kina akiba ya chini ya siku 3, hata glavu zikijaa hadi darini, maana hakuna anayeruhusiwa kuingia bila gauni. Kila asubuhi tafuta kifaa kitakachoisha mapema kuliko vyote, kiandike kwa kalamu nyekundu, mpelekee mganga mfawidhi.

Msaada ukifika, fungua maboksi kabla ya kusaini. Gambuti za namba 45 hazimfai muuguzi anayevaa 38, na zikiingia kwenye leja bila saizi, zitahesabiwa kuwa akiba.

Klorini ya unga nayo ina hesabu yake. Soma asilimia kwenye kopo. Kwa ya asilimia 70, ndoo ya lita 20 ya kusafishia sakafu, vyombo na gambuti (asilimia 0.5) inakula gramu 143, ya kunawia mikono (asilimia 0.05) inakula gramu 14. Kilo moja basi ni ndoo 7 kali, au kama 70 za mikono. Ikiwa ni ya asilimia 65, ndoo kali inahitaji gramu 154. Maji hayo hayalazwi, yachanganye upya kila siku. Unga wenyewe uwe mkavu, umefunikwa, mbali na jua na vyuma.

Oda ya dharura itumwe kwa kuangalia siku za kusubiri. Kama mzigo huchukua siku 4 kutoka kuidhinishwa hadi kushushwa mlangoni kwako, usingoje zibaki siku 4. Agiza zikibaki 8, kwa sababu mvua, mafuta ya gari na saini ya mtu aliye safarini vyote hula siku. Wenye kupeleka vifaa visiwani kama Goziba waongeze na siku za ziwa kuchafuka. Ujumbe kwa mfamasia wa wilaya uwe hivi: "Gauni zipo 50, zinatumika 18 kwa siku, zinaisha Alhamisi. Naomba 150, saizi ya kati 100, kubwa 50." Ujumbe kama huo anaweza kuutendea kazi papo hapo. "Tuna upungufu mkubwa wa vifaa" utamlazimu apige simu kuuliza upya.

Hili linaniuma zaidi: mlipuko ukitangazwa, glavu zote hukimbilia wodi ya kutenga, na chumba cha kujifungulia hubaki kitupu. Mama mwenye uchungu hawezi kungoja mlipuko uishe. Tenga glavu za kuzalishia, dripu na dawa za malaria kwenye kabati lake, lenye leja yake na ufunguo wake. Akija mtu na maagizo ya kulifungua, yawe ya maandishi.

Sampuli zisafirishwe kwa vifungashio vya tabaka tatu, na dereva aelezwe anabeba nini na afanye nini gari likipinduka. Asiyeelezwa ana haki ya kukataa.

Mlipuko hutangazwa kwisha siku 42 baada ya mgonjwa wa mwisho kupimwa na kukutwa hana tena virusi, au baada ya kuzikwa kwa usalama. Ndani ya siku hizo endelea kuhesabu kila asubuhi. Baada ya hapo kagua tarehe za kuisha muda, baki na gauni za siku 14 kwa hesabu ile ile ya 18, nyingine ziorodheshe na kumtumia mfamasia wa wilaya azipeleke kwenye kituo kisicho nazo.