SOMO: Injini ya ndege inanuka petroli, utafute wapi kabla hujashika spana

Swali ni lile lile kila siku: "Fundi, ndege yanuka mafuta, nikaze wapi?" Nimechoka kulijibu mmoja mmoja, kwa hiyo nalibandika hapa. Atakayeuliza tena nitamrudisha huku.

Nazungumzia injini za Lycoming zenye injeksheni ya sevo (kifaa kinachopima mafuta kulingana na hewa inayoingia injini), mfano IO-360 ya Cessna 172 za toleo la karibuni na IO-540 ya Cessna 206H. Continental (IO-520, IO-550) wazo ni moja lakini pampu na vipimo vyake ni vingine, fuata kitabu chake.

Rubani usiye na leseni ya ufundi, wewe kazi yako ni kutazama. Kufungua nati yoyote ya mafuta na kusaini ndege irudi angani ni kazi ya fundi mwenye leseni ya TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania. Hapo hakuna mjadala.

1. Ndege nje ya hanga, magneto (mitambo ya cheche za injini) zimezimwa, funguo mfukoni mwako, mtu asisimame kwenye njia ya propela.

2. Waya wa athi uungwe, mtungi wa kuzimia moto uwe karibu, simu zikae mbali.

3. Ngoja injini ipoe.

4. Washa tochi kwanza, ndipo ufungue kaulingi (bati la kufunika injini), si kinyume chake. Swichi ya tochi haibonyezwi ndani ya mvuke wa petroli. Ukishafungua usifute kitu. Fundi anayeanza na tambara amefuta ushahidi wake mwenyewe.

Avgasi ya 100LL, petroli ya ndege, imetiwa rangi ya buluu makusudi. Petroli yenyewe ni kama ule msemo wetu wa Tanga, waja leo waondoka leo: ikigusa bati la moto imeshakwenda. Rangi ndiyo inayobaki, kwa hiyo unasoma doa, husubiri tone. Doa huanzia juu au mbele ya pale unapoliona, kwa sababu hewa ya kupoza injini inalisukuma nyuma na chini. Lifuate kinyumenyume hadi chanzo.

Kivuli chepesi cha buluu kuzunguka nozeli (kitundu kinachonyunyizia silenda mafuta) mara nyingi si ugonjwa. Injini ikizimwa, joto huchemsha mafuta yaliyobaki kwenye bomba, yakatokea kwenye tundu la hewa la nozeli. Ila nozeli moja ikiwa na doa zito kuliko wenzake, hiyo ichunguze. Doa kwenye tundu la hewa la kigawanyi (kinachogawia kila nozeli mafuta, wengine mwakiita buibui) maana yake diaframu, utando wake wa ndani, imepasuka, kifaa kinatoka, hakuna cha kukaza. Bomba la kumwagia la pampu ya injini likilowa, pampu imekwisha. Buluu ndani ya koo la sevo, kwenye vijibomba vya kupima hewa, ni sili ya katikati ya sevo, na mara nyingi utaona pia injini inakula mafuta mengi ikiwa sailensa, yaani inanguruma polepole bila kupewa moto. Doa chini ya bawa si la injini kabisa. Ukijaza tangi pomoni alfajiri kisha jua la kaskazi likapanda, mafuta hutanuka na kutoka kwenye tundu la hewa la tangi. Hilo si tundu la kuziba!

5. Igawe njia ya mafuta kwa mikscha (kile cha kuongeza, kupunguza au kukata mafuta ya injini). Hapa ndipo wengi wanapoharibu, someni taratibu.

Kosa liko hivi: mtu anawasha pampu ya umeme, mikscha mbele, throtoli wazi, kisha anazunguka na tochi akitafuta tone. Muda wote huo mafuta yanamiminika kupitia nozeli zote hadi kwenye njia ya hewa ya silenda. Ukija kupiga stata una moto kwenye njia ya hewa. Yakizidi yanaosha oili kwenye kuta za silenda, na silenda ikijaa kimiminika pistoni haina pa kukibana, fimbo ndiyo inayopinda.

Fanya hivi. Mikscha vuta nyuma mpaka mwisho, throtoli funga, washa swichi kuu na pampu ya umeme. Sasa kila kitu kuanzia tangini hadi mlangoni mwa sevo kina presha, na mbele ya sevo hakuna kitu. Tumia dakika mbili tatu. Gusa kila kiungo kwa kitambaa cheupe kikavu: kichujio cha chini, hozi inayoingia pampu ya injini, inayotoka, mlango wa sevo, na kile kibomba chembamba cha geji ya presha ambacho kila mtu hukisahau. Geji ya mtiririko ikipanda ilhali mikscha imekatwa, au valvu ndogo ya kumwagia chini ya njia ya hewa ikianza kudondosha, basi sevo inapitisha mafuta ndani kwa ndani. Zima. Sevo haifunguliwi chini ya mwembe, inakwenda karakana yenye benchi la kuipimia.

Upande wa pili ni kutoka sevo hadi nozeli. Watu wawili, mmoja ndani, mmoja nje tayari ameelekeza macho kwenye vibomba. Throtoli ufunguo mdogo, pampu washa, mikscha mbele kwa sekunde 5, rudisha nyuma, zima. Sekunde 5, si dakika 5. Ukitaka kurudia, ngoja yaliyoingia yachuruzike yote na sakafu ikauke.

ONYO: wa ndani hagusi stata hata kama umemaliza na umefurahi. ONYO la pili: kibomba chenye ufa hakidondoshi, kinarusha ukungu, na ukungu huo ukikutana na ekzosi ya moto angani hutapata nafasi ya kuandika swali hapa.

6. Kagua vibomba vya nozeli kimoja kimoja. Lycoming wana waraka wa lazima namba 342 kwa ajili ya vibomba hivi tu, na FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, imetoa agizo la usalama kuvihusu. Kinachoviua ni mtikisiko. Klampu ikilegea au mpira wake ukiwa mgumu kama mbao, kibomba kinacheza, ufa unaanzia karibu na mwisho uliochomelewa. Pitisha kioo kidogo nyuma yake. Kilichobonyea, kilichokunjika au kinachogusa kitu kingine, badilisha. Usikinyooshe kwa mkono, usikichomelee.

7. Viungo. Nyuzi za mshazari, zile zinazobana kadiri zinavyoingia kwenye pampu au sevo, zinapakwa gundi ya nyuzi inayokubalika kwa petroli, ukiacha uzi wa kwanza wa mbele bila kitu. Viungo vya mdomo uliopanuliwa kwa pembe ya digrii 37 havipakwi chochote, chuma kwa chuma ndiyo sili. Spana mbili kila mara: moja inashika kiungo, nyingine inazungusha nati. Ukikaza kwa spana moja unazungusha hadi kilicho nyuma, unaanzisha uvujaji wa pili. Nguvu ya kukaza iko kitabuni, tumia spana ya toki. Kiungo kikivuja kwenye toki sahihi, fungua utazame mdomo wake. Kukaza zaidi kunaupasua.

8. Rudia hatua ya 5, kisha washa injini, zima, tazama tena ikiwa bado vuguvugu.

MASWALI

Kijana_Chumbageni: Mkuu kwa kifupi, nati gani nikaze?

Mtoa somo: Hatua ya 5.

Kijana_Chumbageni: Nimeiona ila ni ndefu, nitajie nati tu.

Mtoa somo: Huijui inayovuja, nami siioni. Mwite fundi mwenye leseni, uweke spana chini.

Binti_Raskazone: Shikamoo fundi. Naomba kueleweshwa. Ndege tunayojifunzia, geji ya mtiririko inasoma juu kuliko kawaida, injini inatetemeka, na nozeli ya silenda namba 3 ina doa zito. Mafuta mengi yanakwenda wapi?

Mtoa somo: Marahaba binti, swali zuri hili. Huenda mafuta hayakuongezeka hata kidogo. Geji za zamani zenye mshale hazipimi mtiririko, zinapima presha kwenye kigawanyi na kuiandika kama galoni kwa saa. Nozeli moja ikiziba, mafuta yanasongamana, presha inapanda, geji inadanganya kuwa yanatumika mengi. Silenda namba 3 inakosa mafuta, ndiyo mtetemeko, na yanayozuiwa kwenye tundu dogo yanatokea pembeni kwenye tundu la hewa, ndilo doa. Ndege yenye kipimo cha kidijitali, kile chenye kigurudumu kinachozungushwa na mafuta, haidanganyiki hivyo kwa nozeli iliyoziba. Lakini kibomba kikivuja mbele ya kipimo, nacho kitahesabu mafuta yanayomwagika kana kwamba yamechomwa. Mwambie fundi wenu aisafishe nozeli hiyo, asiitie waya. Waya unapanua tundu na hapo nozeli imeharibika.

Fundi_Ngamiani: Kuhusu gundi ya nyuzi umeongeza chumvi. Mimi natumia tepu nyeupe ya bomba na haijawahi kuvuja.

Mtoa somo: Sikusema itavuja. Kipande cha tepu kinakatika ndani, kinasafiri na mafuta, kinakaa kwenye sevo au nozeli. Soma jibu nililompa Binti_Raskazone hapo juu uone mwisho wake. Tepu ni ya bomba la maji.

Fundi_Ngamiani: Sawa, sikubishani.

Rubani_Pangani: Ukinusa ukiwa angani, tuseme juu ya Saadani?

Mtoa somo: Kitabu cha ndege yako kwanza, hicho ndicho kinachoamuru. Kwa jumla: funga hita ya kabini maana hewa yake inapitia chumba cha injini, fungua hewa safi, usichezee swichi za umeme usizozihitaji, wala usiwashe pampu ya umeme kama presha bado ipo, utaongeza kasi ya kuvuja. Kiwanja cha karibu, usisubiri ufike nyumbani. Ukitua zima mbali na ndege nyingine, shuka, na usiwashe tena "kuhakikisha".

Kijana_Chumbageni: Yetu tumetia petroli ya kituo cha magari, haina ile buluu. Doa nitalionaje?

Mtoa somo: Imekubaliwa kwa maandishi kwa ndege hiyo na injini hiyo?

Kijana_Chumbageni: Sijui, tulikuta ndo wanatumia.

Mtoa somo: Basi uvujaji siyo tatizo lenu la kwanza. Ndege isimame hadi mwenye leseni aitazame.

Mwana_Pongwe: Fundi, Piper yetu presha ya mafuta inachezacheza ila hakuna doa popote. Nimepitia hatua zako zote.

Mtoa somo: Ahsante kwa kupitia kwanza. Piper nyingi zina tangi kwenye bawa la chini, pampu ya injini inavuta mafuta kwenda juu. Kiungo kilicholegea upande wa kuvuta hakitoi mafuta, kinaingiza hewa, na hewa haina doa. Tafuta kati ya tangi na pampu, kuanzia kwenye valvu ya kuchagua tangi na mfuniko wa kichujio. Oringi (pete ya mpira) ya mfuniko huo ni ya bei ndogo na ndiyo mkosaji wa mara nyingi. Cessna ya bawa la juu hili hulioni sana kwa sababu mafuta yanashuka yenyewe.

Mwana_Pongwe: Ilikuwa oringi. Imekauka, ina mikunjo. Nyongeza kwa wa pwani: zile klampu za vibomba, chumvi inakula chuma chini ya mpira, juu zinaonekana nzima.

Mtoa somo: Hilo liongezwe hatua ya 6. Ifungue, usiitazame juu juu.

Binti_Raskazone: Na nozeli ikishasafishwa, tunajuaje zote zinatoa sawa?

Mtoa somo: Fundi anazitoa zote silendani, anazirudisha kwenye vibomba vyake, kila moja inaelekezwa kwenye chupa ya kioo, chupa zote za umbo moja. Mikscha mbele, throtoli wazi, pampu ya umeme hadi chupa zifike nusu, zima, panga chupa kwenye meza iliyo sawa, linganisha vimo. Iliyo chini ina uchafu, ama kwenye nozeli ama kwenye kigawanyi. Badilishana nozeli mbili urudie: upungufu ukihama na nozeli, kosa ni la nozeli, ukibaki palepale ni kigawanyi au kibomba.

Kijana_Chumbageni: Chupa za plastiki za maji zinafaa?

Mtoa somo: Nimeandika kioo.